Nani Alimpatia Anaeli Chuo?

Sogeeni karibu, na anayetafuna atafune kimya. Kisa hiki kimenichosha. Nimekisimulia msibani, nimekisimulia saluni, nimekisimulia mbele ya watu wazima wenye akili zao, na kila mara nimeondoka nimekasirika kwa sababu hakuna aliyekubaliana na mwenzake. Leo nawaachia ninyi.

Kule Marangu, katika familia moja, walikuwepo watu watatu ambao kila mmoja alikuwa na kasoro yake.

Shangazi Ndeshau alikuwa mdadisi. Akikaa na mtu kwenye foleni ya hospitali, kabla hawajafika dirishani ameshajua mtu huyo ameachana na nani na kwa nini. Watu walikuwa wakimwona anakuja wanabadilisha njia, naye anawafuata hukohuko.

Mjomba Aminieli alikuwa mvivu. Ningeweza kusema ni mtu wa taratibu, lakini nimeshawaambia nimechoka, kwa hiyo nasema mvivu. Migomba yake ilipaliliwa na mkewe. Yeye alijua kila kivuli kijijini na kinahamia wapi jua likisogea.

Kundaeli alikuwa king'ang'anizi. Akishika jambo haachii. Utotoni aliomba baiskeli mpaka baba yake akahamia kulala chumba cha uani.

Huyo Kundaeli alikuwa na mdogo wake, Anaeli, na Anaeli alikuwa anapenda vitabu kuliko chakula. Basi wakampeleka shule inayosifika. Huko kila Ijumaa majina yalibandikwa ukutani, wa kwanza mpaka wa mwisho, na wazazi walipigiwa simu. Anaeli alikuwa wa kwanza. Akiwa wa pili, baba yake, Mzee Elirehema, hali chakula cha jioni. Mtoto akaacha kulala. Nywele zikaanza kudondoka. Alipomaliza kidato cha sita alikuwa akifungua kitabu mikono inatetemeka, anakifunga. Nawauliza, shule gani hiyo inayompokea mtoto anayependa kusoma na kumrudisha anaogopa kitabu? Na bado watu wanapanga foleni kupeleka watoto pale!

"Mama," Anaeli alisema, "kusoma nataka. Nataka nisome historia, nisome nyota, nisome na muziki, halafu nione moyo wangu unataka nini. Ila siwezi tena kukimbizwa."

"Chuo cha namna hiyo kiko wapi, mwanangu?"

Hakuna aliyejua. Ukiuliza watu chuo kizuri, wanakutajia kile ambacho nusu ya wanafunzi hufeli, na wanakitaja kwa fahari.

Hapo ndipo Shangazi Ndeshau alipoingia kazini. Aliuliza kanisani, akauliza sokoni, akamuuliza hata daktari aliyekuwa anamng'oa jino. Siku moja saluni alimwona mama mmoja anaonyesha picha ya mwanawe.

"Huyu anafanya kazi wapi?" Shangazi akauliza.

"Hafanyi kazi, yuko chuo."

"Chuo? Na mashavu yote haya? Mwanafunzi gani ananenepa? Analala saa ngapi?"

Yule mama alijuta kuitoa ile picha. Alifuatwa mpaka kituo cha basi. Lakini Shangazi alirudi nyumbani na jina la chuo kidogo kule milima ya Usambara, na kwa kuwa hajui kuishia njiani, akapata na jina la kingine cha Iringa. Vyote viwili, waliosoma huko walisema havina presha.

Sasa kusema ni rahisi. Hata ile shule ya kwanza ilisema inawapenda watoto. Nani angejua ukweli? Akatumwa Mjomba Aminieli, kwa sababu ndiye pekee asiyekuwa na shughuli.

Iringa alikuta bustani imepambwa, mabenchi yamepakwa rangi, na hakuna aliyeyakalia. Wanafunzi walikuwa wanakula maandazi huku wanakimbia. Mjomba akajilaza kwenye nyasi, na mlinzi akamwamsha kabla usingizi haujakolea. Kule Usambara alijilaza nyuma ya maktaba akasinzia. Alipoamka, mwalimu mmoja alikuwa amekaa karibu yake na kikombe cha chai, akamuuliza anatoka wapi na ndizi za kwao ni za aina gani. Wakabishana kuhusu ndizi. Wanafunzi wakasimama kusikiliza, wakakaa, wakaingilia, mmoja akaleta habari za ndizi zilivyofika Afrika. Kengele ililia na hakuna aliyeshtuka.

"Mpelekeni Usambara," Mjomba alisema aliporudi. "Kile cha Iringa ni ileile shule, wameongeza maua."

Kilichobaki ni baba. Mzee Elirehema alitaka Anaeli awe mwanasheria.

"Chuo cha kupumzikia!" alifoka. "Nimelea mtoto wa kwanza darasani ili akapige zeze milimani?"

Kundaeli akaanza kumfuata. Alimfuata kwenye kahawa, akamfuata kwa kinyozi, akamkalia karibu kanisani, na kila mahali aliuliza swali lilelile kwa sauti ileile: "Baba, unamtaka msomi au unamtaka mzima?" Alifukuzwa nyumbani kupitia mlango wa mbele akarudi na wa nyuma. Alitukanwa hadharani. Aliambiwa atanyimwa kihamba, na mnajua kwa Mchaga kukosa sehemu ya shamba la baba si utani. Hakuacha. Mwisho mzee alisimama katikati ya mazungumzo ya wanaume wenzake akapiga kelele, "Aende! Aende huko, alimradi huyu anyamaze!"

Kisa kingeishia hapo, na mimi ningeenda kulala. Lakini hapana. Ilibidi iwepo sherehe ya kumuaga.

Kwetu, kwenye sherehe kama hiyo, hakuna anayegusa ndafu, yaani yule mbuzi mzima aliyebanikwa, mpaka mwenye sherehe akate kipande cha kwanza, akipeleke kwa mkono wake kwa mtu aliyemfikisha hapo alipo, na aseme kwa nini. Ni kipande kimoja na kinakwenda kwa mtu mmoja. Na mama yake Anaeli, kwa kutaka amani, alikuwa amemnong'oneza kila mmoja wa wale watatu kwamba kipande ni chake. Jamani! Mama yule nampenda, lakini siku ile ningemfungia jikoni.

Basi wakaja watatu, wote wamevaa za harusi. Wote wakakaa mstari wa mbele. Anaeli alipochukua kisu, wote watatu wakasimama.

"Kaa chini, shemeji," Shangazi alimwambia Mjomba. "Bila mimi ungeenda kulala kwenye nyasi za nani?"

"Na bila mimi," Mjomba akajibu, "mtoto angekuwa Iringa anakula andazi mbio."

"Mngekuwa na majina ya vyuo mia," Kundaeli akasema, "Baba angekuwa amekataa vyote mia. Nani alitukanwa? Mimi ndiye niliyetukanwa."

Mshereheshaji akazima muziki. Anaeli alikata nyama vipande vitatu. Baba yake akamwambia arudishe. Anaeli akampelekea mama yake kipande kimoja, na mama akarudisha sahani huku analia, kwamba mdomo wake ndio ulioleta balaa na hastahili.

"Baba," Anaeli alisema, "mimi nimekimbia mambo ya nani wa kwanza. Nimeugua kwa ajili hiyo. Naomba usinifanyie hayo na nyumbani."

Nilidhani mzee atalainika, maana uso wake ulibadilika kidogo. Lakini mzee yule! Alisimama akafunga vifungo vya koti.

"Huko unakokwenda," alisema, "nimeambiwa mwanafunzi anachagua mwenyewe asome nini na aache nini. Hakuna wa kumchagulia. Sasa kama mtu hawezi kuchagua mmoja kati ya watatu wanaompenda, mbele ya watu wake, huko ataenda kuchagua nini? Chagua, na sababu niisikie. La sivyo kesho basi litaondoka bila wewe, na utasoma sheria."

Nilichukia, kwa sababu yule mzee alikuwa na hoja.

Msiniambie akate tena vipande, amekatazwa. Msiniambie ampe baba, Kundaeli ataanza upya na hatutalala mwaka mzima. Na wewe unayetikisa kichwa kana kwamba ni rahisi, wewe hasa ndiye ninayekutaka. Mdadisi alikipata chuo. Mvivu alijua ndicho chenyewe. King'ang'anizi aliufungua mlango. Ukimtoa yeyote, Anaeli anabaki na mikono inayotetemeka.

Mbuzi anapoa. Watatu wamesimama, hakuna anayemtazama mwenzake. Sahani nakukabidhi wewe: utampelekea nani, na hao wawili watakaobaki wamesimama utawatazama usoni uwaambie nini?