Mzee Aliyewafuata Hadi Riyam

Joto la Maskati mwezi wa sita halisimuliwi kwa asiyelijua, maana atakuita mwongo. Jumamosi hiyo kunguru wa bandari ya Mutrah walitembea kwa miguu kwa kuogopa kuunguza mbawa, na aliyesahau yai juu ya ukuta wa pwani alirudi akakuta kifaranga kimekwisha kutoka, kinaomba maji. Ndani ya tanuri hilo Nakato na shoga yake Kemigisha waliamua kuutembelea mji.

Wote wawili walitoka Uganda na walifanya kazi za ndani huko Hail, kiungani mwa Maskati. Walijuana Nairobi, na tangu hapo lugha yao ilikuwa Kiswahili. Tangu afike Oman, Nakato hakuwa ameona kitu zaidi ya uzio wa nyumba na duka la vyakula. Hii ilikuwa ruhusa yake ya kwanza, na mwajiri wake, Bi Wadha, alikuwa ameifunga kwa sharti: "Alasiri uwe umerudi salama. Likitokea la kutokea, hutoki tena."

Walikuwa ndiyo kwanza wametoka sokoni, harufu ya ubani imewaganda mitandioni, Nakato alipogeuka akamwona: mzee mrefu, mwembamba kama ufito, kanzu nyeupe pepepe, bakora mkononi. Waliposimama, alisimama. Walipovuka barabara, alivuka. Nakato, ambaye hata kivuli chake alikitilia shaka, alimkamata mwenzake mkono.

"Usigeuke," alinong'ona. "Kuna babu anatufuata."

Kemigisha akageuka papo hapo. "Yule? Si anatembea tu."

"Anatembea! Tukisimama anasimama. Cheki miguu, kama ya korongo!"

"Sema polepole, atasikia."

"Asikie! Kiingereza angeelewa. Kiswahili Mwarabu atakijulia wapi?" Nakato akapaza sauti makusudi. "Babu mzima, mvi mpaka masikioni, anafukuzana na wasichana! Fisi mzee hata meno hana!"

Mzee alikohoa, akainamisha kichwa. Nakato akaona hiyo nayo ni hila.

Walipofika mtaa wa Riyam waliona ngazi za mawe zikipanda mlimani. "Tupite huku," alisema Nakato. "Korongo hawezi mlima." Nyuma yao mzee alipunga bakora na kupiga kelele, lakini upepo wa moto uliyameza maneno yake. "Umeona? Sasa anatutishia fimbo!" Wakapanda mbiombio.

Mlima ule haukuwa na mti wala kivuli. Maji yao yalikwisha upesi. Kemigisha alianza kucheka peke yake, akasema maneno yasiyo na kichwa wala miguu, kisha akaanguka. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto kama kikaango. Nakato aliita hadi sauti ikamkauka. Alipotazama chini, aliona mtu mmoja tu akipanda: mzee yule yule, kanzu kaikunja magotini, anahema kama mvukuto.

Nakato akaokota jiwe. "Usije hapa!"

"Litupe hilo jiwe, mwanangu, umshike mwenzio kichwa," alisema mzee, kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka. "Fisi hana meno, atakung'ata na nini?"

Jiwe lilimdondoka. Nakato alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Shikamoo," alijikakamua kusema.

"Marahaba. Matusi tutayazungumza baadaye." Mzee akafungua chupa ya maji, akamlowesha Kemigisha kichwa na shingo. "Nlikuwa nakwiteni msipande. Mlima huu haupandwi mchana."

"Lakini ulikuwa unatufuatia nini?" Shaka haikuwa imemtoka.

"Mke wangu Nasriya alikuwa garini, akakusikieni mkipita. Akanambia, Sleyum, wafuate uwaalike kahawa, nna hamu na watu wa kuzungumza nao Kiswahili. Basi kila nikitaka kukusemesheni, nasikia tusi jengine!"

Kemigisha alifumbua macho. Wakamshika huku na huku, wakamteremsha polepole. Chini gari, ambalo mzee aliliita kwa simu, lilikuwa limekwisha kufika, Bi Nasriya kwenye usukani. Nakato alisita mlangoni.

"Ndo hawa walokutukana?" Bi Nasriya alimwuliza mumewe.

"Ndo hawa. Wamesema nna miguu ya korongo."

"Basi wana macho mazuri. Ingia, mwanangu, mgonjwa anaungua!"

Hospitalini daktari alisema wangechelewa kidogo tu, Kemigisha asingeamka. Alasiri ilipoingia, dripu bado ilikuwa mkononi mwake, na Nakato alilia, akijua ruhusa yake imekwenda na maji. Bi Nasriya akachukua simu, akazungumza na Bi Wadha kwa Kiarabu, mara kwa upole, mara kwa ukali. Alipokata alisema, "Karidhi. Utatoka tena, ila kwa dhamana yetu, na utakuja kwetu kwanza."

Nakato alimpigia magoti Mzee Sleyum, akamwomba radhi. Kweli wahenga hawakukosea waliposema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.