Kidari cha Ndelilio

Tegeni masikio, na mwenye jiwe mkononi aliweke chini kwanza.

Kwenye mji mmoja chini ya mlima aliishi Ndelilio, mwenye ulemavu wa akili. Pale karakanani alikofanya kazi hakuna aliyemimina mishumaa iliyonyooka kama yake, ila njia zilimchanganya. Mtu mzima mwenye ndevu, na kila asubuhi mama yake anampeleka kazini kamshika mkono! Aliona aibu.

Dada yake, Anasia, alijaliwa sauti. Alijua kuisema njia ikaeleweka, akairekodi kipande kwa kipande.

Kisali, fundi simu, alijaliwa vidole. Aliziingiza sauti zile kwenye simu ya Ndelilio, naye akifika mahali, simu inamwambia la kufanya. Akaweka kitufe chekundu cha hatari, kikibonyezwa kinapaza ombi la msaada alilorekodi Anasia. Kwenye simu yake mwenyewe, Kisali alimwona Ndelilio kama kitone kinachotembea.

Mama Shose, muuza ndizi, alijaliwa mwili. Mwili tu, mpana kama mlango wa ghala. Huyu hata hakumjua Ndelilio.

Basi Ndelilio akawa anakwenda kazini peke yake, kifua mbele. Simu ilimwambia: "Kwenye duka la buluu, pinda. Usiongee na mtu njiani."

Siku moja kampuni ya soda ikaja ikalipaka duka lile rangi nyekundu. Mnawajua wale, hawaulizi mtu. Ndelilio akatafuta buluu, akaliona geti la buluu, akaingia uani kwa watu.

"Wewe nani? Unatafuta nini humu?"

Kimya. Si aliambiwa asiongee na mtu?

"Mwizi!"

Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni, akatema meno. Rungu likamvunja goti. Walimburuta hadi barabarani, wakampiga mateke ya mbavu, na waliokuwa wanapita tu wakaacha mizigo yao ili nao wapige. Tairi likaletwa, na dumu la petroli. 

Mama Shose alitupa ndizi zake akamlalia. "Mtamuua mtoto wa mwenzenu!" Wakampiga na yeye. Mkono wake ulivunjika mara mbili, na hakuinuka.

Chini yake simu ikapiga kelele kwa sauti ya Anasia: "Huyu ni ndugu yangu, Ndelilio! Amepotea, si mwizi! Nisaidieni!" Aliyeshika kiberiti akaganda. Wengine wakarudi nyuma. Kisha mmoja akasema, "Simu yenyewe kaiiba, ndiyo maana inalia," na mawe yakaanza upya.

Hapo Kisali akafika, kwa maana alikiona kitone kikiacha njia na kusimama. Akalipiga teke lile dumu, akawaonyesha picha ya Ndelilio kwenye simu yake, wajue kwamba anamfahamu. Panga likapita na vidole vyake viwili. Aliendelea kuishikilia simu juu, damu inamtiririka hadi kwapani, mpaka wakaona, wakaanza kutawanyika mmoja mmoja.

Ndelilio akanusurika. Mama yake akachinja beberu, na kwao kidari hakikatwi. Hupewa mtu mmoja, yule aliyeirudisha roho nyumbani.

"Moto uliogopa sauti yangu," alisema Anasia.

"Sauti hiyohiyo ndiyo iliyomkataza kujibu," alisema Kisali. "Mimi nimetoa vidole, na fundi bila vidole ni nini?"

Mama Shose akacheka, mkono uliovunjika umening'inizwa shingoni. "Ninyi wote mngekuta maiti. Na ninyi ni watu wake. Mimi nilimlalia nani? Simjui!"

Mama wa Ndelilio akakishika kidari, asijue akipeleke wapi. Ndipo Ndelilio, mdomo bado umevimba, akasema polepole:

"Kitufe nilibonyeza mimi."

 Kweli, hakuna aliyeuliza ni nani alikibonyeza. Walimpiga, wakamvunja, na chini ya mwili wa Mama Shose kidole chake kilikuwa kinakitafuta kitufe chekundu, kama alivyofundishwa.

"Goti likipona, narudi kazini," akaongeza. "Peke yangu. Dada, sema duka jekundu."

"Huendi popote!" mama yake akalia. "Nimekuzika mara moja moyoni, inatosha!"

 Ndelilio akanyoosha mkono kuelekea kidari.

Nawaachia hapo, na nyama inapoa. Sauti, vidole, mwili, au kidole kilichobonyeza? Je, wewe ungeamua vipi? Ila kabla hujafungua mdomo, nijibu kwanza hili: walikuwa wengi pale barabarani, na wamerudi makwao, wamenawa, wamekula. Siku ile, wewe ulikuwa umesimama upande gani?