Kware na Mashine ya Kutabiri Moto

Nyinyi mliokaa hapo mbele, mmeshawahi kuona mashine inasema moto unakuja, na wenyewe wanaipigia makofi? Hamjaona? Basi nikisema paukwa, itikieni, hata nyinyi mnaochungulia simu.

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, lakini umeme ulikuwa umeshafika, kulikuwa na Kware. Alitaga mayai sita chini ya nguzo ya nane, katikati ya nyasi. Nguzo ile ilikuwa ya Shirika la Umeme la Nyika. Bosi wa shirika alikuwa Kiboko. Kiboko alikaa bwawani, maji mpaka shingoni, na mitingi zote alizifanyia humo humo.

Shirika likaleta mashine. Ukiipa kasi ya upepo, urefu wa nyasi na ukavu wake, inakuchorea ramani: hapa kijani, hapa njano, hapa nyekundu. Penye nyekundu unazima umeme mapema. Upepo ukipita, unawasha. Mashine yenyewe ilikuwa nzuri, tusiisingizie.

Kazi ya kupima nyasi akapewa Twiga, eti kwa sababu nyaya anazifikia. Twiga akapita, tap, tap, tap, macho juu. Akajaza fomu. Nguzo ya kwanza, nyasi fupi. Nguzo ya pili, nyasi fupi. Nguzo ya nane, nyasi fupi. Kwa Twiga, nyasi gani ndefu? Mashine ikameza fomu, ikatoa ramani ya kijani tupu.

Huku chini Kware amelalia mayai, jua halioni kwa nyasi. Upepo ukivuma, nyaya zinagongana: tch! tch! Cheche inadondoka, inazimikia hewani. Akahesabu siku za kuangua. Zimebaki tatu. Yeye ana miguu, mayai hayana.

Akaenda ofisini, tiri tiri tiri. Akamkuta Nguchiro, injinia wa mashine. Akamweleza kwamba nyasi zinamfunika, na zimekauka hadi zinavunjika zenyewe. Nguchiro akamwonyesha ramani, akamwambia mbona ni kijani.

"Kaka, hiyo ramani kaipima mtu asiyeinama," Kware akasema. "Njoo usimame pale mwenyewe."

Nguchiro akaenda. Akasimama. Akapotea, ukabaki mkia tu. Akarudi, akafuta "fupi," akaingiza kipimo kipya na upepo wa keshokutwa. Mashine ikawaza, vuuu. Nguzo ya sita, nyekundu. Ya saba, nyekundu. Ya nane, nyekundu iliyoiva. Keshokutwa alasiri, zimeni.

Akampelekea Kiboko. Kiboko akauliza, keshokutwa si ndiyo siku ya uzinduzi? Uzinduzi wa nini? Wa mashine. Na vipaza sauti, feni za wageni, pamoja na pampu ya bwawa, vyote vilikula umeme wa laini hiyo hiyo ya nguzo ya nane.

"Bosi, mashine tunayoizindua ndiyo inayosema tuzime," Nguchiro akasema.

"Noted," Kiboko akajibu, akazama. Blup.

Ikafika keshokutwa. Wageni wakakaa. Mashine ikawekwa mezani, kioo kimewaka chekundu. Mgeni rasmi, Heroe, yule ndege mwekunduwekundu wa ziwani, akaisifu rangi, akasema inaendana na manyoya yake. Makofi, pa, pa, pa. Utepe ukakatwa. Umeme haukukatwa.

Upepo ukaja. Tch! Cheche ikadondoka, na safari hii haikuzimika. Nyasi zikasema waaa! Kware akasukuma yai la kwanza kwa mdomo mpaka kwenye shimo lililochimbwa na mhanga, yule mnyama mla mchwa. Akarudi, akasukuma la pili. Akageuka aende la tatu, hakukuwa na pa kwenda.

Moto ulipolala, akawakuta wote bwawani kwenye mtingi, akaingia na masizi yake. Hakupiga kelele.

"Mawili yamepona. Manne hayapo. Swichi ilikuwa kwa nani?"

Wakatazamana. Twiga akasema yeye hupima tu. Nguchiro akasema yeye huchora tu, ruhusa ya kuzima hana. Kiboko akasema suala hilo lipo kwenye mchakato, tume itaundwa.

Funzo lake ni hili, halijajificha: mashine huona moto, ila mkono wa kuzima ni wa mwenye swichi. Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye majivu.

Nanyi mnaoshika swichi, mpo hapa na mnajijua. Inameni mpime nyasi. Mpeni injinia ruhusa ya kuzima bila kuwapigia magoti. Na leo, kabla hatujainuka, mtajieni Kware jina la aliyekataa kuzima.