Mbwa Aliyeondoka na Lori la Mbao

Wapendwa, funikeni Biblia zenu kidogo, zipumzike mapajani. Tutazirudia.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekaa mtaa wa baridi na tope kama huu wetu, mtaa ambao mvua ikianza watu wanavaa gambuti mpaka wanasahau rangi ya viatu vyao vingine. Mumewe alikuwa kazini mbali. Mama yule aliogopa wezi, na kwa hilo simlaumu, hata mimi nawaogopa. Akaagiza mtoto wa mbwa kutoka jiji kubwa, mbwa wa mbegu ya kigeni, masikio wima. Akaletwa kwa basi ndani ya boksi. Watoto wa nyumba ile walimpenda kabla hata boksi halijafunguliwa vizuri.

Haukupita muda, kile kimbwa kikagoma kula. Kikaanza kutapika. Kisha kikahara damu, na harufu yake aliyewahi kuinusa haisahau. Daktari wa mifugo akaitwa, akatazama, akasema hii ni parvo, ugonjwa wa mbwa, nao unapenda sana kuua watoto wa mbwa. Akachukua kinyesi kidogo apeleke maabara, akamwambia mama aoshe kwa dawa ya jiki kila kitu kilichogusana na mgonjwa. Asubuhi yake mbwa akafa, na watoto wakalia kama wamefiwa na ndugu.

Mama akaosha bakuli. Akaosha sakafu. Boksi akalichoma. Halafu akasimama katikati ya uwanja wake, akachanganyikiwa. Geti lake lilikuwa limefungwa siku zote. Mbwa hakuwahi kutia pua barabarani. Sasa ugonjwa uliingiaje? Hebu mwambieni ninyi, uliingiaje? Naona mnatazamana. Na yeye alitazama hivyohivyo, huku na huku, mpaka macho yake yakatua kwenye ukuta wa jirani.

Jirani yake alikuwa mzee mmoja mgane, hana mke, wanawe wamehama, anaishi na mbwa wake tu. Mbwa huyo alimwita Watasema. Mnacheka, lakini mnajua wenyewe kwamba majina ya mbwa wetu ni salamu tunazowapelekea majirani. Sasa huyu Watasema mwaka uliotangulia aliugua ugonjwa uleule, akakonda, watu wakadhani kafa, akapona. Mama akakumbuka. Moyo wake ukatulia kidogo, maana mtu aliyechanganyikiwa akipata wa kumlaumu hupumua.

Lakini hakutaka kumsingizia mtu. Alikuwa mama mwenye haki, wa kwaya kabisa. Akasema nitachunguza kwanza. Akatoka na gambuti zake, akaingia nyumba ya kwanza yenye mbwa, akauliza kama wamemwona Watasema akipita pale. Wakasema ndiyo, mbwa si hupita. Akawaambia wamwangalie, labda ndiye aliyeleta. Akaenda nyumba ya pili, ya tatu, mpaka kule kwenye mashine ya kusaga. Kila uwanja aliingia, kila kibanda cha mbwa aliinama akatazama.

Siku chache baadaye mbwa wa nyumba ya kwanza wakaanza kutapika. Wakafuata wa nyumba ya pili. Mama akaenda kuwapa pole, maana ndivyo tulivyolelewa, mtu akipatwa huwezi kukaa kwako. Kutoka hapo akapita tena kwa wale ambao mbwa wao walikuwa bado wazima, awaonye. Nao wakaugua. Jamani, hapo ndipo akili ilipogoma kabisa. Watu walifunga mageti, wakafunga mbwa kwa minyororo, ugonjwa ukaingia vilevile, na ulipita njia ileile aliyopita yeye akiuchunguza.

Na lile neno lake nalo lilikuwa linatembea. Mimi sijui lilikua lini. Lilitoka kinywani mwake likiwa "labda". Kwenye mashine ya kusaga lilikuwa limeshakuwa "bila shaka". Lilipomrudia yeye mwenyewe, kupitia kwa muuza maandazi, lilikuwa linasema mzee anamfungulia mbwa wake makusudi, ana wivu na wenye mbwa wa kigeni. Na mama, ambaye ndiye aliyelizaa neno lile, hakulitambua. Alilipokea kama habari mpya, akaliamini.

Mjumbe wa mtaa akaitisha kikao. Mzee akaletwa. Hakujitetea sana. Alisema yeye hajui kama ni Watasema au siye, akauliza kama wao wana uhakika. Watu wote wakageuka wakamtazama mama, maana ndiye aliyechunguza. Mama akasema ana uhakika.

Basi mzee akaomba kitu kimoja, mbwa asipigwe mawe. Akamfunga kamba, akampeleka mwenyewe barabarani, akamkabidhi kwa dereva wa lori la mbao aliyekuwa anakwenda mbali, huko alikokuwa anakwenda. Watasema alipanda juu ya mbao bila ubishi, kwa sababu mzee alimwambia panda. Lori likaondoka. Mzee akarudi na kamba mkononi, akapita katikati ya watu waliokuwa wanamtazama, akaingia kwake akafunga mlango. Inauma kusimulia.

Je, ugonjwa ulikoma? Haukukoma. Mbwa wa mjumbe mwenyewe wakaugua, na Watasema alikuwa ameshaondoka. Mtaa ukavurugikiwa. Wengine wakasema ni harufu yake iliyobaki. Wengine wakasema ni uchawi. Mtu akikataa kuona, hakosi la kusema.

Ndipo daktari aliporudi na majibu ya maabara. Akawaeleza watu kwamba ugonjwa huu nao una ukoo, kama sisi. Unavyopita toka mbwa hadi mbwa, mwaka hadi mwaka, unabadilika kidogo, na wataalamu wakiutazama wanaweza kusema huu ni mtoto wa ule. Ule uliompata Watasema mwaka uliotangulia, daktari aliupeleka maabara yeye mwenyewe, na ulikuwa wa ukoo mwingine kabisa. Huu unaoua mbwa wa mtaa sasa ni wa kule jijini. Ulikuja kwa basi, ndani ya boksi.

Mama akashika kichwa. Akasema, "Lakini daktari, mbwa wangu hakutoka nje hata siku moja. Alifia ndani."

"Najua, mama. Ndiyo maana nauliza, ni nani aliyetoka kwako akaingia nyumba zote hizi?"

Akajibu upesi, tena kwa fahari kidogo, "Ni mimi. Nilikuwa nachunguza. Hakuna nyumba ambayo sikufika."

Daktari alitazama chini, kwenye gambuti za mama. Na mama akatazama chini pia. Alikuwa ameosha bakuli, ameosha sakafu, amechoma boksi, na alifanya kazi yote ile akiwa amezivaa.

Akarudi nyumbani, akazisugua zile gambuti kwa jiki mpaka mikono ikamchubuka. Kisha akaenda akabisha kwa mzee. Akamwamkia, akapiga magoti, akaeleza yote. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Viatu umeviosha vizuri, mwanangu," akamwambia. "Na lile neno, uliliacha nyumba ngapi?"

"Zote, baba."

"Basi kalichukue."

Mama akainuka, akaenda nyumba ya kwanza. Alipofika getini, mwenye nyumba alimkazia macho, akamuuliza, "Kumbe ni wewe uliyetuletea makusudi?"

Mmesikia? Makusudi. Neno lilelile, limebadilisha nyumba ya kukaa. Geti likafungwa, na mama akabaki amesimama kwenye tope, hajui aende mbele au arudi.

Akasikia hatua nyuma yake. Alikuwa ni mzee, na ile kamba bado anayo mkononi. Akabisha geti lile mwenyewe, wakamfungulia, maana sasa walimwonea haya. Akawaambia, "Huyu hakujua. Mimi niliyepoteza mbwa ndiye ninayesema, hakujua." Kisha akamshika mama mkono, wakaenda nyumba ya pili.

Wapendwa, tangu nianze kusimulia naona mnatafutana kwa macho. Kila mtu anafikiria mama fulani wa mtaa wake, na mwingine ameshamgusa jirani kwa kiwiko. Ndivyo tulivyo sisi. Baya likitokea tunavaa viatu haraka, tunazunguka kuuliza nani kalileta, na hatutazami tunakanyaga na nini. Tunakwenda kutoa pole na tunaacha ugonjwa. Tunasema "labda", tunalala usingizi, na mtu mwingine anampakia mbwa wake kwenye lori. Tukitoka hapa, tuanze na viatu vyetu.

Lakini leo sikuja kwa ajili ya mama peke yake. Nimekuja kwa ajili yako wewe uliyeonewa. Upo hapa, nami nakufahamu. Ulisingiziwa, ulinyamaza, ukapoteza ulichokipenda, na hakitarudi. Aliyekusingizia sasa ameujua ukweli, anazunguka kuomba msamaha, na watu wanamfungia mageti. Nawe umekaa ndani unasikia, unasema acha naye aonje.

Nani mwingine atakayefunguliwa geti akisema "hakujua", kama si wewe? Kamba ya mbwa wako bado ipo mkononi, siwezi kukuambia uitupe. Nenda nayo hivyohivyo.