Kina Kifupi Hakitaki Kelele

"Kina kifupi hakitaki kelele." Ndiyo, nimemwambia baba yenu hivyo alipokuwa anamfokea kaka yenu Mugeta mlangoni pa chumba chake, na ninyi mnacheka mkiuliza imetoka wapi. Wekeni simu chini. Methali hii ilianza hivi.

Masatu wa Ukerewe alivua pamoja na mkewe, Nyanjige, kwa mtumbwi wenye mashine ya kutafutia samaki. Mashine hiyo hutuma sauti majini. Sauti ikigonga samaki hurudi, na alama huonekana kwenye kioo. Masatu alishika usukani, mkewe alishika mashine.

Nyanjige akafariki. Tangu mazishi, binti yao Kageri hakutamka neno. Masatu alimpenda sana, ila alijua njia moja tu: kuuliza kwa sauti zaidi.

"Sema, mama! Unaumwa wapi? Sema!"

Mtoto akazidi kujikunja.

Siku moja akaenda naye ziwani, maana hakuwa na wa kumwachia. Kwenye maji marefu aliweka mashine nguvu ya mwisho, ikafanya kazi vizuri. Waliporudi ghubani, penye maji mafupi, hakuigusa, akaiacha na nguvu ile ile. Kioo kikajaa alama juu mpaka chini.

"Sato hao! Leo tutavuta mpaka tuchoke!"

Akatupa wavu, akavuta magugu. Akatupa tena. Magugu.

"Mashine imerogwa hii!" Akaipiga kofi.

Kageri akanyoosha mkono, akazungusha kitufe taratibu, akapunguza nguvu. Alama zikafutika. Zikabaki chache tu, karibu na mawe.

Masatu alifungua kinywa apayuke kama kawaida yake. Akakiona kioo kilivyotulia. Akazima injini, akachuchumaa, akanong'ona, "Nani kakufundisha, mama?"

Safari hii hakurudia swali. Alingoja.

"Mama," Kageri akasema. "Tukifika huku alikuwa anapunguza. Alisema mashine inapayuka kama wewe, halafu inasikia mwangwi wake yenyewe. Alisema kina kifupi hakitaki kelele."

Masatu akacheka huku machozi yakimtoka. "Kumbe alikuwa ananisengenya humu humu mtumbwini!"

"Kila siku, baba."

Sato wa siku ile hawakujaza hata ndoo. Masatu alipofika mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, hakusimulia habari za samaki; alisimulia maneno ya Nyanjige, ndiyo yakawa methali.

Haya. Mugeta hajafungua mlango tangu matokeo ya mtihani yatoke, na baba yenu ameshapayuka vya kutosha. Mpelekeeni chai. Mgonge mlango kwa kidole kimoja, halafu mngoje.

Kina kifupi hakitaki kelele.