Saa Iliyosimama Mlimani

Wapendwa, fungeni Biblia kidogo, niwape habari za bwana mmoja mwenye miguu mizuri sana.

Alikuwa mkimbiaji wa huko juu kwenye mashamba ya majani chai. Alikuwa amepatana na mkewe hivi: kwa mwaka mmoja mama atachuma chai peke yake, baba afanye mazoezi aingie timu ya kaunti. Asipoingia, anarudi kubeba kapu mgongoni. Mchujo ulikuwa wa kilomita kumi, na waliotakiwa ni wa dakika thelathini na mbili kushuka chini. Mwaka mmoja tu, mmesikia?

Sasa kitu cha kupimia mwendo hana. Shemeji yake, mwendesha baiskeli wa mashindano, akamwazima kile kifaa cha setilaiti kinachofungwa kwenye usukani.

"Shemeji, kitakupima vizuri hata kwa miguu," akamwambia. "Ila nimekipanga kwa baiskeli. Mwendo ukishuka sana kinadhani umesimama, kinaacha kuhesabu. Zima hicho kipengele kabla hujaanza."

"Hilo dogo," akasema mwenzetu.

Basi akaanza. Nyumbani mpaka kiwandani, kiwandani kupanda mlima wa msitu, kisha nyumbani. Njia hiyo hakuna aliyewahi kuipima. Na kila asubuhi kioo kikamwonyesha wastani wa dakika tatu na sekunde kumi kwa kilomita. Pigeni hesabu! Kilomita kumi ni dakika thelathini na moja na ushee. Jamaa akawa anatembea kifua mbele, sokoni anasalimia watu kama diwani aliyeshinda kura.

Lakini mkewe alikuwa na redio. Siku moja akamwekea uji, akakaa mbele yake.

"Baba Jerop, nikuulize. Unatoka habari za saa kumi na mbili zikianza. Unarudi habari za saa moja zimekwisha, na uji umeganda. Na pale msituni wachumaji wenzangu wanakuona unatembea. Hizo dakika tatu zako ziko wapi?"

"Mama Jerop, hiki kinaongea na mitambo ya angani. Redio yako inaongea na betri mbili."

Mnacheka? Mama hakucheka. Alijifunga leso yake akaenda shambani, maana chai haingoji.

Siku ya mchujo ikafika. Bwana alianza vizuri, simfichi sifa yake. Kwenye tambarare alikuwa na wale wa mbele, bega kwa bega. Kisha barabara ikapanda. Wenzake wakapanda nayo, yeye akaanza kutembea, na saa ya waamuzi haikumngojea hata sekunde moja. Alifika kwa dakika arobaini na nne, vijana wanakunja utepe. Mkewe alikuwa pale kwenye kamba, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, amembebea maji.  

Mwenzetu akamgeukia shemeji yake kwa hasira. "Kifaa chako kimeniua! Kimenidanganya mwaka mzima!"

Shemeji akakichukua, akafungua kumbukumbu, akasoma polepole. Kisha akauliza, "Shemeji, kila siku kimesimama mlimani, sawa. Lakini tarehe sita Machi hakikusimama hata mara moja. Siku hiyo ulikizima kile kipengele. Kimeandika dakika sitini na tisa. Kesho yake ukakiwasha tena. Kwa nini?"



Ndugu zangu, mmeelewa? Mashine haikumdanganya. Asubuhi moja iliyabeba maumivu yote ya ule mlima ikamwonyesha, akaumia moyo, akachagua ile hesabu tamu. Na tangu Machi mpaka mchujo kulikuwa na miezi saba. Miezi saba ya kufundisha miguu kupanda! Mlima angeuweza. Aliukataa tu usihesabiwe.

Nasi je? Jumapili tunahesabu. Sadaka tunahesabu. Yale matusi ya Jumanne jikoni, tunasema, "Hiyo usiweke, nilikuwa nimechoka." Ndugu uliyeacha kumsalimu mwaka wa tatu huu, hapo saa yako imesimama. Halafu unaniambia, "Mchungaji, naendelea vizuri." Unaendelea vizuri kwenye tambarare!

Na usiniambie hukujua. Kila mmoja wetu ana tarehe yake sita Machi. Siku ile uliyolia hapa mbele, ukajiona ulivyo bila kificho. Kesho yake ukafanya nini?

Mimi sina hofu nanyi. Mungu hatuonyeshi dakika sitini na tisa ili atufukuze mbioni. Anatuonyesha ili tujue pa kuanzia, na mlima unapandika.

Mnataka kujua mke alisema nini? Walipofika nyumbani alikichukua kile kifaa, akamwita kaka yake amwonyeshe kitufe cha kuzima kile kipengele, akakibonyeza kwa kidole chake cheusi. "Baba Jerop, mwaka mwingine nitakuchumia," akasema. "Lakini kesho unaanzia mlimani, na redio nitaiwasha mimi."

Haya, tusimame tuombe. Na usimwombee jirani yako. Omba kuanzia pale saa yako iliposimama.