Somo wa Mtoto wa Raya

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime. Hadithi hii ina kesi ndani yake, na mimi niliyeileta nimeshindwa kuiamua, kwa hiyo msinitegemee.

Palikuwa na wanawake watatu katika maabara moja ya mjini, kila mmoja na kipaji chake. Mwanakombo alijua kukifanya kitu kidogo kiwe kidogo zaidi. Zuwena alijua tabia za mafuta, yapi matulivu na yapi yana hasira. Biubwa alijua kutunza. Kilichopita mikononi mwake hakikuharibika.

Na palikuwa na Raya, mke wa Makame, amelazwa kisiwa cha pili. Ini lake lilikuwa likitengeneza sumu, na mwili ulikuwa unakwisha. Dawa ya kulinyamazisha lisitoe sumu hiyo ilikuwepo, ila ilikuwa dhaifu mno. Ikidungwa tu, damu huikatakata kabla haijafika. Makame akawaendea wale watatu.

"Dada zangu, dawa ipo na mgonjwa yupo. Nitafutieni cha kuibebea."

Mwanakombo akaanza. Aliyeyusha mafuta kwenye spiriti, dawa akaitia kwenye maji, akavikutanisha ndani ya mrija mwembamba kama unywele. Vikienda polepole, vitone hutoka vikubwa, na vikubwa hunaswa njiani mwilini. Akaongeza kasi, akaongeza tena, mpaka vikatoka vitone visivyoonekana hata kwa hadubini ya kawaida, kila kimoja kimeikumbatia dawa. Alipiga vigelegele peke yake.

Lakini vilipotiwa kwenye chembe za ini za majaribio, viliingia vikakaa humo vimefumba, dawa haitoki. Ikawa zamu ya Zuwena. Alijaribu mafuta haya, yakaunguza chembe. Akajaribu yale, yakalala. Mwisho alipata mafuta yanayotulia kwenye damu, lakini yakishamezwa na chembe na kukutana na uchachu wa ndani, yanachachamaa na kupasua njia. Dawa ikatoka.

Wakashangilia, wakatia chupa za dawa hiyo kwenye friza kama walivyozoea kutia kila kitu, zisubiri kuvushwa. Walipoyeyusha moja kuikagua, vitone vilikuwa vimegandamana kama tui lililokatika. Zuwena alilia, maana habari za Raya zilikuwa mbaya.

"Tengenezeni nyingine," Biubwa akasema, "na safari hii tutie sukari kabla ya kugandisha."

"Sukari? Kwani tunapika ubuyu?" Mwanakombo akamuuliza.

"Itakaa katikati ya vitone, barafu isivibane vikashikana."

Akatia, ikawa kidogo. Akaongeza, akagandisha, akayeyusha. Vitone vikatoka vizima.

Chupa zikavushwa. Raya akadungwa, ini likanyamaza, akarudi kwake kwa miguu yake. Baadaye akajaliwa mtoto wa kike.

Sasa ndiyo balaa. Akiwa kitandani, Raya aliweka nadhiri kwamba mtoto wake wa kwanza ataitwa jina la aliyemponya. Na kwao somo, yule ambaye mtoto amepewa jina lake, si mchezo. Ndiye atakayemfunda mtoto na kumsimamia mpaka harusi yake. Jina ni moja, na somo ni mmoja.

"Bila vitone vyangu, dawa mngeibeba kwa kiganja?" Mwanakombo akauliza.

"Vilikaa vimefumba, shoga," Zuwena akamjibu. "Nani aliyevifungua?"

"Na kilichomfikia Raya ni kipi," Biubwa akasema, "kama si nilichokitunza mimi?"

Makame akajaribu: "Si tumwite majina yote matatu?"

"Wewe nyamaza!" wakamwambia wote.

Sifichi: Zuwena hana mtoto, na moyo wangu ulimwelekea. Lakini Raya hakuweka nadhiri kwa anayetia huruma. Aliweka kwa aliyemponya.

Siku ya kumpa mtoto jina, Raya amempakata, mdomo umekaribia sikio lake dogo. Wale watatu wameketi mkekani, kila mmoja anamtazama mtoto na hakuna anayemtazama mwenzake.

Haya, mliosikiliza. Wewe ungekuwa Raya, ungenong'ona jina la nani?